Hakupanda, Alipandishwa

Mkunga wa kwetu Kimilili hakupokea pole ya mtu. Ukimkuta njiani mvua imemnyeshea kuni, ukamwambia, "Pole, Mayi," yaani mama, alisimama, akakukazia macho, akakuuliza, "Pole ya nini? Ni wewe umenikosea?" Ukisema hapana, alikujibu, "Basi kaa na pole yako. Aliyenikosea yuko, na yeye ndiye sijasikia mdomo wake."

Wageni walimwona mkorofi. Sisi wa kijijini tulijua anamsema nani, na wengi wetu tuliinamisha macho, kwa sababu tulijua pia kwamba alikuwa na haki na hatukumsaidia.

Alinitoa tumboni mwa mama yangu, na alinikumbusha jambo hilo kila nilipojaribu kumbishia. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana kama ya mpasua mbao, na mikono ambayo wanawake walisema ilikuwa na joto hata wakati wa baridi ya mlimani. Hakufunga hirizi wala kupiga ramli. Alikuja na wembe mpya, uzi na vitambaa alivyovichemsha mwenyewe, na jambo lake la kwanza lilikuwa kumfukuza mume nyumbani. "Nenda upasue kuni," alisema. Mume akijibu kwamba kuni zipo, tele, alimwambia, "Pasua zingine. Mwanaume asiye na kazi huleta hofu ndani ya nyumba."

Mtoto akishatoka, akishalia, mkunga alimshika mbele ya uso wake na kumweleza jinsi alivyokuja. Mama yangu alinisimulia niliyoambiwa mimi: "Umekuja mchana. Mama yako ameniuma mkono mimi, sio wewe. Baba yako alikuwa kwenye pombe ya busaa, ameitwa mara mbili." Baba alikasirika, akamuuliza kwa nini anamwambia mtoto mchanga maneno kama hayo. Mkunga akajibu, "Mtu aanze na ukweli. Uongo ataukuta mbele, umejaa."

Sikumjua kabla hajawa na hasira. Wakubwa wangu walisema kwamba zamani alikuwa mcheshi, mwimbaji wa kwanza kanisani, mtu wa kuchekesha wafiwa mpaka wasahau wanalia nini. Haya yalikuwa kabla ya kijana wake Simiyu kwenda Kitale kufanya kazi kwenye uwanja wa ndege.

Vita vyenyewe, vita vile vikubwa vya pili, vilikuwa mbali. Hakuna adui aliyefika Kitale. Sijawahi kusikia hata mtu mmoja wa kwetu aliyeona bomu likianguka katika mashamba yale ya mahindi. Lakini maiti zilifika. Jeshi lilileta vijana wa Kizungu, wengine hawajaota hata ndevu, kuja kujifunza urubani juu ya vichwa vyetu, na wakaanza kufa bila ya kupigwa risasi. Mmoja aliingia katika ukungu upande wa Cherangany, akakutwa na wachunga mbuzi. Wawili waligongana hewani, ndege na ndege, siku isiyokuwa hata na wingu. Mwingine alishuka vibaya, ndege ikashika moto, na watu wakasimama mbali wakisikia anavyoita. Na kila mara, kesho yake, injini zilinguruma tena kama kwamba hakuna kilichotokea.

Simiyu kazi yake ilikuwa kujaza petroli, kupangusa vioo na kusukuma ndege kutoka bandani. Alipopata ruhusa ya kuja nyumbani alimwambia mama yake, "Mayi, wale watoto wanakufa kabla hata ya kuona adui."

"Na anayewafundisha anasema nini?"

"Anasema haraka. Anasema huko vitani wanangojewa."

Wafanyakazi walimpa mwalimu huyo jina la Bwana Haraka, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa afisa, mtu mrefu, mwekundu shingoni, ambaye hakuweza kusubiri hata chai ipoe. Wanafunzi walimwogopa kuliko walivyoogopa kuanguka. Miongoni mwao alikuwapo mmoja mwenye uso wa madoadoa ambaye wafanyakazi walimwita Toto, kwa udogo wake. Huyo alikuwa amejifunza kutoka kwa Simiyu kusalimia "mulembe" kama Mbukusu, na aliisema kwa kila mtu, hata kwa Wahindi wa dukani, watu wakacheka. Simiyu naye alijifunza kwake maneno ya Kiingereza kuhusu injini. Siwezi kuuita urafiki, maana mmoja alikula mezani na mwingine nje ya banda. Lakini lilikuwa jambo la heri, na lilikuwa lao.

Yaliyotokea siku ile tuliyajua kutoka kwa Barasa, kijana wa hapa kwetu aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Simiyu. Ndege zile za mafunzo zilikuwa na viti viwili. Mwanafunzi akiruka peke yake, kiti kile kingine kiliwekwa gunia la mchanga na kufungwa mkanda, ili ndege isipungukiwe uzito ikayumba. Siku hiyo Toto aliletewa ndege, na gunia halikuwapo. Moja lilikuwa limepasuka, mengine yalikuwa kwenye ndege zilizokwisha ruka. Barasa alitaka kwenda kujaza lingine. Bwana Haraka akatazama saa yake, akatazama watu waliosimama pale, akamnyooshea kidole Simiyu, ambaye alikuwa na kifua kama cha mama yake.

"Wewe. Kaa ndani."

Simiyu alidhani ni mzaha. Akasema, "Bwana, mimi?"

"Kaa! Upesi!"

Akaketi. Barasa ndiye aliyemfunga mkanda, na alisema mikono ya Simiyu ilikuwa baridi na alikuwa akijaribu kucheka. Toto aligeuka akasema neno kwa afisa, kwa Kiingereza, akatikisa kichwa, kama anayekataa. Akafokewa. Basi wakaondoka, vijana wawili, mmoja akiogopa kumkatalia mwalimu wake na mwingine hana hata nafasi ya kukataa. Mawingu ya mlima Elgon yalikuwa yamekwisha kusimama. Ndege ilirudi ikipigwa na upepo, chini chini juu ya mahindi, ikajaribu kugeuka ili iukamate uwanja, ikalala ubavu, ikaanguka. Hakuna aliyetoka.

Simiyu aliletwa nyumbani kwa lori, amezungushiwa blanketi la jeshi. Na kabla ya kaburi kufukiwa, chifu aliita baraza akasoma maneno aliyopewa na wakubwa: kwamba kijana huyu aliingia kwenye ndege ya serikali kwa kujificha, bila ruhusa, akitaka kuiba safari, na kwamba uzito wake ndio ulioiangusha ndege na kumuua rubani.

Mtu akisoma maneno haya leo ataona ni porojo. Kijana atajifichaje katika kiti kilicho wazi, mbele ya macho ya uwanja mzima? Lakini fikiria ilivyokuwa wakati ule. Afisa akieleza kwamba amemkalisha mtu mahali pa gunia, ataulizwa. Akisema Mwafrika ameiba, nani atauliza? Hakuna aliyeuliza. Mkatekista alikataa kuomba kaburini, akasema kanisa haliwezi kumwombea mwizi mbele ya watu. Wakwe waliokuwa wameanza mazungumzo kuhusu dada yake Simiyu waliyakata. Baba yake, mtu mpole aliyependa soko kuliko shamba, hakuonekana tena sokoni, na hakuishi sana baada ya hapo.

Barasa alimweleza mkunga yote, analia. Lakini chifu alipomwita mbele ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, aseme aliyoyaona, alisema, "Mimi nilikuwa nyuma ya banda, sikuona." Akarudishwa kazini.

Hapo ndipo mkunga alipolipata neno lake. Alilisema kwenye baraza, kisimani, kwa yeyote aliyetaja ajali ile: "Hakupanda. Alipandishwa." Chifu alimtishia kumfunga. Akasema, "Nifunge. Hata huko ndani nitasema alipandishwa."

Mtu angedhani kwamba angemchukia Barasa. Na kweli, hakumwambia neno tena, hata salamu. Lakini mke wa Barasa alipopata uchungu wa kwanza, mkunga alikuwa pale kabla ya kuitwa, na hivyo hivyo kwa watoto wote waliofuata. Mama yangu alimuuliza anawezaje. Akasema, "Mtoto hajaficha kitu." Kila mmoja wa watoto wale, alipomwinua mbele ya uso wake, alimwambia, "Baba yako aliona." Barasa alikuwa nje anapasua kuni na alisikia.

Mambo yake mengine hayakuelewana yenyewe kwa yenyewe. Aliacha kanisa, lakini hakuacha nyimbo. Jumapili alikuja mpaka kwenye uzio, akasimama nje na kuimba kila wimbo walioimba wa ndani, kwa sauti iliyowafunika. Kwaya ikipotea, ilimfuata yeye. Mkatekista alitoka siku moja, akamsihi, "Mama, ingia basi, ama uache." Akamjibu, "Siingii mpaka umwombee. Na siachi, maana Mungu sikugombana naye."

Alitema mate akiona sare ya jeshi, hata ya vijana wetu waliorudi kutoka Burma. Walikuwa hawana kosa, na tulimwambia hivyo. "Najua," alisema, akatema tena. Lakini kila alipopita Kitale aliingia katika makaburi ya Wazungu, akapiga magoti na kung'oa magugu kwenye kaburi la Toto. Mlinzi alimfukuza mara kadhaa.

"Mama, hapa si pa watu wetu. Unatafuta nini?"

"Huyu na wangu waliuawa na mtu mmoja," alimwambia. "Mama yake hajui njia ya huku."

Mlinzi alichoka kumfukuza. Baadaye alimwazima jembe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma mimi mpaka leo. Vita vilipokwisha, serikali iliwapa maofisa wake mashamba, shukrani kwa utumishi wao, na Bwana Haraka akapewa lake upande wa Kachibora. Ardhi nyeusi, mto unapita, ng'ombe wa maziwa. Vijana wetu waliobeba mizigo na bunduki walirudi wakakuta mashamba ya baba zao yamekuwa ya kugawana vipande. Na mtu aliyeua wawili kwa sababu hakuweza kungoja gunia lijazwe mchanga alijengewa nyumba yenye veranda.

Mkunga alisikia. Alifunga vitambaa vyake, akaenda. Ni safari ya siku mbili kwa miguu. Alipofika alisimama chini ya veranda, akauliza kwa Kiswahili chake cha kunyooka: "Bwana, nani alimwambia mwanangu akae kwenye ndege?"

Mara ya kwanza aliachiliwa mbwa. Mara ya pili nyapara alimtoa kwa kumshika bega. Mara nyingine Bwana Haraka alitoka mwenyewe, akamtazama, akasema, "Mimi hapana jua wewe," akaingia ndani. Kuna wakati alimtumia gunia la mahindi na blanketi jipya. Mkunga aliviacha pale pale chini, mvua ikavinyeshea, mahindi yakaota ndani ya gunia.

Na bado alirudi. Wake za vibarua wa shamba lile walikuwa hawana mkunga, wakaanza kumwita. Bwana Haraka alipompiga marufuku, vibarua walimwambia nyapara kwamba watatafuta kazi kwa setla mwingine, na ulikuwa wakati wa mavuno. Basi ikawa hivyo: anakuja, anazalisha, kisha anapanda mpaka kwenye veranda kuuliza swali lake, na anaondoka. Watoto wa kambi ile walikua wakilijua swali lile kama wanavyojua nyimbo za kucheza.

Nilimuuliza siku moja kama hachoki. Nilikuwa nimemaliza shule, najiona mtu. Akasema, "Yeye ndiye atachoka. Mimi nauliza neno moja. Yeye kila mara lazima atafute pa kulificha."

Mara ya mwisho kuwa naye kwa siku nzima ilikuwa kwenye shamba lile lile. Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika idara ya mifugo, na tulikwenda na lori la serikali kuwachanja ng'ombe, Jumamosi asubuhi. Vibarua wote walikuwa pale kwenye josho kushika wanyama. Bwana Haraka alisimama kwenye ukuta wa josho, mnene sasa, shingo imekunjamana, akituhimiza. Hata ng'ombe walichanganyikiwa kwa kelele zake.

Nikamwona mkunga anakuja kutoka kambini. Alikuwa amezeeka. Alikuwa amemzalisha mtu, maana mikono yake ilikuwa bado imelowa maji. Hakuniona, au aliniona akaniacha na kazi yangu. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya ukuta.

"Bwana. Nani alimwambia mwanangu akae kwenye ndege?"

Vibarua wakainamisha vichwa, wengine wakitabasamu, kwa kuwa walishazoea. Bwana Haraka akajifanya hakusikia. Ndama akaruka, akampiga kibarua teke, foleni ikavunjika. Mkunga akauliza tena, sauti ile ile, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Basi mzee yule akageuka, uso umewaka, akapiga kelele:

"Mimi! Mimi nasema kaa, yeye nakaa! Mchanga hapana iko, ndege iko tayari, mimi nafanya nini? Ilikuwa vita! Kila siku, kila siku wewe nauliza! Nataka nini ingine?"

Ng'ombe walikuwa wanalia. Niliona jinsi uso wa mzee ulivyobadilika alipoyasikia maneno yake mwenyewe na kuona watu wote wale wamemtazama, na mimi na bomba langu la sindano, mtu wa serikali. Hakuwa na majuto. Ningependa kuandika kwamba alikuwa nayo, lakini niliyoyaona ni hamaki ya mtu aliyecheleweshwa kazi.

"Nani aliandika kwamba ni mwizi?" mkunga akauliza.

Alishuka ukutani, akaenda zake nyumbani, na mlango ukafungwa.

Mkunga akawageukia vibarua. "Mmesikia?"

"Tumesikia, Mayi."

"Amesema nani alimkalisha?"

"Yeye."

Akanigeukia mimi. Kumbe aliniona tangu mwanzo. "Na wewe niliyekutoa kwa mikono yangu, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikamwambia nitasema mbele ya yeyote, na nilisema. Maneno yalifika Kimilili kabla yetu. Chifu wa zamani alijifanya mgonjwa, lakini mkatekista alikuja na waumini, akasimama kaburini, akaomba, akasema kwa kinywa chake kwamba kanisa lilimtukana marehemu bure. Barasa naye alikuja, akalia hadharani. Hayo yote yalikuja baadaye, na niliyashukuru. Lakini siyo ninayoyakumbuka nikimkumbuka mkunga.

Ninakumbuka lori. Kazi ilipokwisha nilimwomba dereva tumchukue, akaketi mbele kati yetu, vitambaa vyake mapajani. Nilikuwa na furaha ya kijana. Nilidhani nimeona mwisho wa jambo. Nikamwambia, "Sasa utapumzika, Mayi."

Tulikuwa tumekwisha kuvuka mto, tunaona mapaa ya Kitale, aliposema:

"Mimi pia nilidhani hivyo. Nilidhani kinachonichoma ni ule uongo. Leo uongo umetoka, na mwanangu bado amekufa kwa sababu ya gunia la mchanga." Akatazama mikono yake. "Kumbe miaka hii yote nilikuwa nadai kitu kidogo mno."

Nilijua vizuri kutomwambia pole.

Tulipofika mjini nilimwambia dereva aelekee barabara ya Kimilili, tumshushe mahali pazuri pa kupata gari la kumfikisha nyumbani. Mkunga akasema hapana, hapa hapa. Tulikuwa mbele ya ofisi ya Bwana DC. Alishuka, akajikung'uta vumbi, akapanda ngazi. Askari mlangoni alimnyooshea mkono.

"Mama, ofisi imefungwa. Leo Jumamosi. Rudi Jumatatu."

Mkunga akaweka vitambaa vyake chini, kwenye ngazi ya juu kabisa, katikati ya mlango, akaketi.